Kuanguka kwa Heshima: Filamu Fupi za Kale za Vichekesho juu ya Michezo ya Theluji

Watu wengi husema kwamba kichekesho cha mtu kuanguka hakihitaji mkalimani. Mtu akiteleza, akaanguka kitako, anayetazama atacheka, awe Mshi wa Bukavu, Mfaransa wa Lyon au Mmarekani wa California. Mimi pia niliamini hivyo mpaka jioni moja nilipoonyesha nyumbani, kwenye kompyuta ya kuazima, filamu fupi ya katuni ya mwaka 1941 iitwayo The Art of Skiing. Ndani yake Goofy, yule mbwa mrefu wa kampuni ya Disney mwenye kofia na meno mawili ya mbele, anafundishwa kuteleza juu ya theluji. Wadogo zangu walicheka kila alipoanguka. Mama alicheka mara mbili tatu, kisha akanyamaza, akatega sikio. Hajui Kiingereza. Filamu ilipokwisha akauliza: «Uyu mwenye anasema, ni mwalimu? Mbona haoni mwanafunzi wake anaanguka?»

Swali hilo ndilo lililozaa makala hii. Mama hakuelewa hata neno moja la msimulizi, lakini alitambua aina ya sauti, na alitambua kwamba sauti ile na picha ile hazipatani. Hapo ndipo kichekesho kilipo. Nitajaribu kueleza, kwa kufuata filamu chache kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi mwaka 1945, jinsi kichekesho cha michezo ya theluji kilivyoanzia mwilini na nguo, kikaingia polepole katika sauti na lugha. Mwishoni nitauliza jambo linalotuhusu sisi wa fakulte ya lugha: mtu akitaka kuzitafsiri filamu hizi kwa Kiswahili, atafsiri nini hasa?

1. Theluji si kikwazo

Kwanza tuondoe shaka moja. Mwenzangu wa promosheni aliniambia kwamba filamu hizi haziwezi kuwa zetu kwa sababu sisi hatuna theluji. Theluji tunayo. Safu ya Ruwenzori, mpakani mwa nchi yetu na Uganda, ina kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5109, na huko juu ipo barafu ambayo imekuwapo kwa vizazi vingi, ingawa inazidi kupungua. Ni kweli kwamba wengi wetu hatujaikanyaga. Lakini lugha yetu ina maneno yake tangu zamani. Neno theluji limetoka katika Kiarabu, thalj. Neno barafu limetoka katika Kiajemi, barf, na kwa Waajemi maana yake ni theluji yenyewe, ile inayoshuka kutoka mawinguni. Lilipofika kwetu likawa jina la maji yaliyoganda, na leo mtoto wa mjini analijua kwa sababu ya friji.

Na vifaa je? Wengi hulalamika kwamba Kiswahili hakina neno la zile mbao mbili ndefu ambazo mtu hufunga miguuni ili ateleze mlimani. Ulimwengu mzima huziita ski, na neno hilo ni la Kinorwe. Lakini ukilifuatilia hadi asili yake katika lugha ya kale ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, utakuta lilikuwa na maana ya kipande cha mti uliopasuliwa. Basi Mswahili anayesema ubao wa kutelezea hajapungukiwa na kitu. Amesema kile kile alichosema Mnorwe wa kwanza, tena ameongeza kazi ya ubao huo.

Kwa hiyo msamiati si tatizo kubwa. Tatizo liko mahali pengine, na ili kulifikia ni lazima tujue kwanza kwa nini watengenezaji wa filamu za vichekesho walipenda barafu na theluji.

2. Kwa nini barafu inachekesha

Mwaka 1900 mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson alitoa kitabu chake Le Rire, ambacho wengi wetu tumekutana nacho katika kozi ya nadharia ya fasihi. Mmoja wa mifano yake ya mwanzo ni wa mtu anayekimbia barabarani, anajikwaa, anaanguka, na wapita njia wanacheka. Kwa maoni ya Bergson, hawamcheki kwa sababu ameketi chini. Wanacheka kwa sababu mwili wake ulipaswa kubadili mwendo, nao haukubadili. Uliendelea kama mashine iliyowashwa. Kiumbe hai kinapofanana na chombo, tunacheka. Anaongeza sharti: ili tucheke, huruma yetu lazima inyamaze kwa muda.

Ukiisoma nadharia hiyo huku ukifikiria barafu, utaona kwamba barafu humgeuza kila mtu kuwa chombo. Juu ya ardhi ya kawaida msuguano unatusaidia: tukitaka kusimama, tunasimama. Juu ya barafu nia inasimama lakini miguu inaendelea. Kichwa kinataka kwenda kushoto, viatu vyenye makali ya chuma vinakwenda kulia. Mbao za kutelezea nazo huongeza shida nyingine, kwani mbao za zamani ziliweza kuwa ndefu kuliko mtu mwenyewe. Mtu aliyezivaa hawezi kugeuka bila hesabu, hawezi kupita mlangoni bila mpango, na akikanyaga ubao mmoja kwa mwingine amejifunga mwenyewe. Hatimaye theluji laini ni godoro. Anayeanguka juu yake hainuki na damu, hivyo mtazamaji hana haja ya kumhurumia.

Sisi tunao mfano wetu. Anayeishi kwenye mitelemko ya Bukavu anajua udongo mwekundu unavyokuwa baada ya mvua. Mwanafunzi anashuka kwenda kutetea kazi yake ya mwisho, amevaa shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi. Anateleza. Ikiwa ameumia, tunakimbia kumwinua. Ikiwa hakuumia, na ni suruali tu iliyopata udongo, basi tunamwinua huku tumeziba midomo. Angekuwa amevaa kaptula na ndala, kicheko kingekuwa kidogo. Kinachotuchekesha ni umbali kati ya namna alivyojiandaa kuonekana na namna anavyoonekana sasa.

Kwa hiyo kichwa cha makala hii kina maana mbili kwa makusudi. «Kuanguka kwa heshima» ni heshima inayoanguka. Pia ni kuanguka bila kuacha heshima zako, kama mtu anayeshuka chini huku bado ameshika kofia. Filamu nitakazozitaja zinacheza kati ya maana hizo mbili.

3. Filamu za kimya: nguo ndizo zinazosema

Ndugu wawili Lumière walionyesha filamu zao hadharani mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Muda mfupi baadaye, katika barabara ya Lyon iliyofunikwa na theluji, walipiga filamu isiyofika dakika moja, Bataille de boules de neige. Wanaume na wanawake waliovaa vizuri wanarushiana mabonge ya theluji. Anakuja mtu juu ya baiskeli. Pande zote mbili zinasahau vita vyao na kumgeukia yeye. Anaanguka, kofia yake inabaki barabarani, anapanda baiskeli tena na kurudi alikotoka bila kofia. Huo bado si mchezo wenye kanuni, lakini mbegu zote zipo: njia inayoteleza, mtu mwenye safari yake, nguo ya heshima inayopotea, na umati unaotazama.

Miaka kumi hivi baadaye mbegu hizo zilipata mwenyewe. Max Linder, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mkoa wa Gironde, alikuwa mchezaji wa kampuni ya Pathé. Mwaka 1907 alicheza katika filamu Les Débuts d'un patineur, iliyoongozwa na Louis Gasnier. Hadithi yake inaenea katika sentensi moja: bwana mmoja anavaa viatu vya kutelezea kwa mara ya kwanza na kuingia kwenye barafu. Lakini bwana huyo amevaa kofia ndefu nyeusi ya sherehe, koti la heshima na glavu, kama mtu anayekwenda kuposa. Anaanguka, anainuka, anajifuta, anaanguka tena. Wanahistoria wa sinema huihesabu filamu hii kuwa mwanzo wa yule Max ambaye dunia ilikuja kumjua: kijana wa mjini, nadhifu, mwenye adabu, ambaye kila kitu humgeuka. Miaka mitatu baadaye alirudi kwenye theluji katika Max fait du ski. Charles Chaplin mwenyewe alimtambua Linder kuwa mwalimu wake.

Tuangalie jinsi filamu hii inavyofanya kazi bila neno hata moja. Nguo za Max ni lugha. Zinatoa ahadi: mimi ni mtu wa kuheshimiwa. Barafu inaikanusha ahadi hiyo. Kofia inapoanguka tunasoma sentensi nzima. Hapa kweli mkalimani hahitajiki sana, kwa sababu katika kila jamii yapo mavazi ya heshima, na mtazamaji wa Uvira atayatambua kwa namna anavyotembea aliyeyavaa, hata kama hajawahi kuona kofia ya namna ile. Waliosema kwamba kichekesho cha kuanguka hakina mipaka walisema kweli, lakini walikuwa wanasema juu ya filamu za wakati huu.

4. Mchezo unakuwa mtindo

Kati ya vita viwili vya dunia, michezo ya theluji ilibadilika. Zamani watu wa kaskazini walivaa mbao ili kusafiri na kuwinda. Sasa matajiri wa mijini walizivaa ili kujifurahisha. Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Mwaka 1932 ilifika Lake Placid, Marekani. Msichana wa Norwe, Sonja Henie, alipata medali ya dhahabu ya kucheza kwenye barafu mwaka 1928, 1932 na 1936, kisha akawa nyota wa sinema Hollywood. Katika milima ya Austria walimu kama Hannes Schneider walitengeneza mfumo wa mafunzo wenye hatua na majina. Zikatoka filamu za kufundisha. Ile ya Arnold Fanck, Das Wunder des Schneeschuhs ya mwaka 1920, iliwaonyesha watu maajabu ya mbao hizo.

Mchezo unapopata walimu, vitabu, mavazi maalumu na mabingwa, unapata pia watu wanaojidai. Hapo kichekesho kinapata chakula kipya. Katika On Ice, katuni ya Disney ya mwaka 1935 iliyoongozwa na Ben Sharpsteen, wahusika wote wako kwenye mto ulioganda, na kila mmoja ana namna yake ya kujidai. Mickey anateleza kwa ustadi na anamfundisha Minnie, ambaye amefungiwa mto wa kulalia nyuma ili akianguka asiumie. Donald, mwenye roho ya utani mbaya, anamvisha mbwa Pluto viatu vya kutelezea akiwa amelala, kisha anamwamsha kwa kulia kama paka. Goofy anavua samaki kwa akili zake mwenyewe: anatupa tumbaku majini, samaki wanaitafuna, na wakitokeza kutema, yeye yuko tayari na rungu. Haimfaidii.

Mwaka 1939, katika The Hockey Champ iliyoongozwa na Jack King, majivuno yenyewe ndiyo hadithi. Donald anawakuta wapwa zake watatu wanacheza hoki ya barafuni, anawaonyesha kwamba yeye ni bingwa, na kweli anajua kucheza. Lakini kujua hakumtoshi. Anajifunga kitambaa machoni ili aonyeshe kwamba anaweza kuwashinda bila hata kuona, na hapo watoto wanapata njia yao. Tazama hatua iliyopigwa tangu 1907. Max alianguka kwa sababu hakujua. Donald anashindwa kwa sababu anajua na anataka ijulikane. Kichekesho kimeanza kutoka kwenye miguu kuelekea kwenye mdomo.

5. Sauti ya mwalimu

Sasa turudi kwenye filamu ile aliyoitazama mama. Historia yake inaanza na mtu aliyeondoka. Sauti ya Goofy ilikuwa ya mchekeshaji Pinto Colvig, naye mwishoni mwa miaka ya 1930 aliiacha kampuni ya Disney. Mhusika akabaki na mwili bila mdomo. Mwongozaji Jack Kinney na wenzake walipata dawa: Goofy asiseme sana, aseme mwingine badala yake. Wakamweka msimulizi ambaye haonekani, na Goofy akawa mwanafunzi anayetekeleza, au anayejaribu kutekeleza, maagizo. Walianza na somo la kupanda farasi, lililowekwa ndani ya filamu ndefu ya 1941, The Reluctant Dragon. Novemba ya mwaka huo huo ikatoka The Art of Skiing, filamu inayojitegemea ya dakika kama nane. Baada yake zilifuata nyingi za namna hiyo juu ya michezo mingine.

Msimulizi ni John McLeish. Anasema Kiingereza cha mtu aliyesoma sana: sentensi ndefu, maneno yaliyochaguliwa, pumziko baada ya kila wazo, na hakuna hata chembe ya kicheko. Anaeleza jinsi mwanamichezo anavyoamka, anavyovaa, anavyopanda mlima, anavyogeuka, anavyoruka. Wakati huo Goofy anapigana na suruali yake kwa kuwa amekwisha kuzivaa mbao, anajisokota, anaviringika, anaruka hewani na kushuka kama mzigo. Mwisho mteremko mzima unamrudisha hadi hotelini, kitandani alikotoka asubuhi. Sauti inasema mambo yamekwenda kama yalivyopangwa.

Tunalo jina la jambo hili katika taaluma yetu: kinaya. Kinachosemwa na kinachotokea ni vitu viwili, na anayesema haoneshi kwamba anajua. Nguvu ya filamu imo katika kwamba msimulizi hasemi uongo. Kila sentensi yake, ukiichukua peke yake, ni mafundisho sahihi, na ingeweza kuchapwa katika kitabu cha wanaojifunza. Ni picha inayoikanusha. Kile ambacho kofia ndefu ya Max ilifanya mwaka 1907, yaani kutoa ahadi ya heshima, sasa kinafanywa na rejesta ya lugha. Sauti ndiyo kofia.

Kuna jambo dogo ambalo litawafurahisha wenzangu wa fonetiki. Msimulizi hatamki neno ski kama Wafaransa na Wamarekani wengi wanavyolitamka. Analitamka karibu na shi. Tuliozoea Kifaransa tungedhani amekosea. Kumbe yeye ndiye aliye karibu zaidi na Wanorwe, ambao huliandika ski na kulitamka karibu na shi. Hata hivyo watu wa kawaida hawasemi hivyo, na anayesema hivyo anataka ujue kwamba yeye si wa kawaida. Kila mmoja wetu amewahi kumsikia mtu anayerekebisha matamshi ya jina la kigeni katikati ya mazungumzo ya kawaida. Silabi moja inatosha kumchora mtu mzima.

Filamu hii ina sauti nyingine iliyodumu kuliko zote. Goofy anapotupwa hewani hutoa ukelele mrefu unaopanda na kushuka. Aliyeurekodi ni Hannes Schroll, Mwaustria aliyekuwa bingwa wa mbio za mlimani na pia mwimbaji wa nyimbo za milima za kwao. Schroll ndiye aliyeanzisha kituo cha michezo ya theluji cha Sugar Bowl huko California, ambako Walt Disney aliweka fedha zake, na hoteli ya Sugar Bowl inaonekana ndani ya filamu. Kwa hiyo yule asiyejua kuteleza hata kidogo analia kwa sauti ya mmoja wa waliojua zaidi. Ukelele huo ulitumiwa tena katika filamu nyingi za baadaye.

6. Sauti ya mtangazaji

Miaka minne baadaye, Septemba 1945, Kinney huyo huyo alitoa Hockey Homicide. Mchezo ni hoki ya barafuni na wachezaji wote wana sura ya Goofy. Safari hii msimulizi, Doodles Weaver, si mwalimu. Ni mtangazaji wa redio. Anasema haraka, anapandisha sauti, anataja majina kama bunduki inayofyatua. Majina yenyewe ni utani wa ndani ya nyumba: mabingwa Bertino na Ferguson wamepewa majina ya wafanyakazi wa Disney, Al Bertino na Norm Ferguson, na mwamuzi ni Kinney. Mabingwa hao wawili hawachezi. Kila wanapotoka katika kizuizi cha waliofanya makosa, wanapigana, wanarudishwa. Mwishoni watazamaji wote wanashuka barafuni kupigana, na wachezaji wanaketi kuwatazama.

Katika filamu ya 1941 sauti ilikuwa tulivu na picha ina fujo. Hapa sauti na picha zote mbili zina fujo, na sauti inajaribu kuikimbilia picha bila kuifikia. Kichekesho si kinaya tena. Ni lugha inayoishiwa pumzi. Anayetafsiri filamu hizi mbili kwa namna moja atakuwa ameharibu mojawapo.

7. Nini kitafsiriwe?

Sasa tunaweza kulijibu swali la mwanzo. Katika filamu ya Max hakuna cha kutafsiri isipokuwa kichwa chake. Katika On Ice kuna kidogo. Katika The Art of Skiing karibu nusu ya kichekesho imo katika rejesta, na mtafsiri anayetafuta tu visawe vya theluji, ubao na mteremko atafanya kazi sahihi ambayo haichekeshi mtu.

Nilijaribu. Huu ni mfano wangu mwenyewe, si maneno ya filamu. Niliandika kwanza kwa lugha ya nyumbani: «Asubui mutu anaamuka, anavaa manguo yake, anaenda ku mulima.» Nikaisoma huku Goofy anapigana na suruali. Hakuna aliyecheka kuliko kawaida. Kisha nikaandika hivi: «Mwanamichezo mwenye busara huamka alfajiri, huvaa mavazi yanayomstahili kwa utulivu na mpangilio, kisha huelekea mlimani akiwa na moyo mkunjufu.» Nikaisoma polepole, kama anavyosoma mtu anayefungua kongamano. Wadogo zangu walilala chini kwa kicheko, na wao hawajui hata maana ya mkunjufu.

Sababu yake tunaijua sote. Katika miji yetu ya Kivu na Katanga tunaishi na Kiswahili zaidi ya kimoja. Kipo cha nyumbani na sokoni, na kipo kile ambacho watu wa Lubumbashi hukiita Kiswahili bora, cha kitabu, mahubiri na hotuba. Wengi huichukulia tofauti hiyo kuwa aibu: ama wanaona aibu kwa kile cha nyumbani, ama wanakishtaki kile cha kitabu kwamba si chetu. Filamu hii inaonyesha kwamba tofauti hiyo ni mali. Mtafsiri wa lugha yenye ngazi moja tu angepata taabu hapa. Sisi tuna ngazi, na mtu anaweza kuanguka kutoka juu yake. Na kwa Hockey Homicide tunayo sauti nyingine kabisa: ya mtangazaji wa mpira siku Mazembe inapokutana na Lupopo, anayechanganya Kifaransa na Kiswahili kwa sababu hana muda wa kuchagua.

Wengine watasema kwamba jambo hili limefanyika zamani, kwani nchi hizi zina mapokeo ya watu wanaosimulia filamu. Ni kweli. Wakati wa ukoloni, filamu zilizoonyeshwa na wamisionari huku Kongo zilifuatana na mfafanuzi aliyezieleza kwa lugha ya watu. Katika miaka ya 1950 padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai vichekesho vifupi vya Matamata na Pilipili. Mjini Dar es Salaam, Lufufu alipata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Lakini kazi ya wasimulizi wa namna hiyo ni kuongeza chumvi: wanataniana na picha, wanacheka na watazamaji. Msimulizi wa The Art of Skiing anadaiwa kinyume chake. Akicheka mara moja tu, filamu imekufa. Akionyesha kwamba ameona, imekufa. Lazima ayaamini maneno yake hadi mwisho.

Na hapa niwaombe walimu wangu wasinielewe vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili sanifu ni cha kuchekwa. Kiingereza cha McLeish ni kizuri sana, na ndiyo maana kinafaa. Mtafsiri asiyekimudu Kiswahili sanifu hawezi kuigiza sauti hii. Atakosea upatanisho, na watazamaji watamcheka yeye badala ya kucheka filamu. Kinachochekwa ni sauti inayoendelea kufundisha bila kumtazama anayefundishwa. Sauti hiyo inaweza kusema lugha yoyote, na inaweza kukaa mahali popote palipo na meza ya mbele na viti vya nyuma.

Nilimweleza mama hivyo, kwa maneno mafupi zaidi. Nilimwambia kwamba yule mwenye kusema ni mwalimu kweli, na kwamba haoni kwa sababu haangalii. Ana maneno yake, na anayasema hadi yaishe. Mama alifikiri kidogo, kisha akaanza kucheka peke yake, kicheko kirefu ambacho hakuwa nacho wakati wa filamu. Halafu akaniambia niirudishe mwanzo.